Kidole cha baba

Leo mchana nimeweka ile santuri ya marehemu baba, ya Joe Cuba.

Mwanamuziki huyu alizaliwa Harlem ya Mashariki, New York, 1931. Akavunjika mguu ujanani, ndipo akashika konga, ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono. Mwaka 1966 akatoa "Bang Bang", wimbo wa bugalu (muziki wa Kilatini uliochanganywa na soul) uliouza zaidi ya nakala milioni moja.

Na bendi yake watu sita tu! Tarumbeta hakuna.

Ila sikilizeni vibrafoni yao, ile ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa. Inadondoka taratibu juu ya konga, kama mvua inayoanza kwenye bati. Baba akifika hapo alikuwa anainua kidole, nasi sote kimya.

Leo nimejikuta nimeinua kidole, peke yangu chumbani.

Kwenu mlikuwa mnapigiwa santuri gani? Niambieni jamani.