"Herself" ya nani?

Sentensi iliyoniaibisha ilikuwa fupi: "The woman whose son built a house for herself." Niliiandika mwenyewe nilipokuwa nikitafsiri hadithi kwenda Kiingereza, nikaituma bila wasiwasi wowote. Mhariri akairudisha na alama moja tu ya kuuliza, pembeni mwa "herself".

Nilinuna kidogo. Habari yote ni ya yule mama na nyumba ni yake, sasa hiyo "herself" imrudie nani kama si yeye? Nilichosahau ni kwamba ndani ya kishazi kile aliyejenga ni mwana. "Herself" haijali nani mwenye hadithi, inamtafuta kiima wa kitenzi chake, humohumo kishazini. Kiima ni "son", basi "herself" imekosa mwenyewe. Nilipaswa kuandika "for her". Ningeandika "for himself", nyumba ingekuwa ya kijana. Lakini "the woman who built a house for herself" haina kasoro, kwa sababu hapo "who" ndiye kiima, na "who" ni yule mama.

Mwanaisimu Noam Chomsky aliiingiza kanuni ya namna hii katika nadharia yake mwaka 1981. Mimi iliniingia akilini niliporudi kwenye Kiswahili: mama ambaye mwanawe alimjengea nyumba. Ukisema "alijijengea", kila mtu ataelewa kwamba kijana amejifikiria mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu. Kabla ya kuandika "self" yoyote nauliza: kwa Kiswahili ningetia -ji-? Anayejiamini ni "who believes in himself", anayejitegemea ni "who relies on himself", anayejicheka ni "who laughs at himself". Sisi silabi moja inatutosha. Mwenzetu atafute kwanza kihusishi, kisha aamue nafsi, idadi, na kama ni mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana "wewe ni mtu unayejiamini" hunichelewesha: "you are someone who believes in..." nani? Kitenzi kimeshavaa ile s ya nafsi ya tatu, kwa hiyo "yourself" naiona imepotea njia. Huandika "themselves", ingawa mtu ni mmoja, ili nisiamue kama ni mwanamume au mwanamke.

Kipimo chenyewe kina matobo. Watu wanaoongea peke yao hawana -ji- hata moja, lakini Kiingereza kinadai "people who talk to themselves". Na kwenye vihusishi vya mahali mambo hugeuka: "the man who closed the door behind him", "the girl who had no money on her". Mlango ni nyuma ya mtu yuleyule aliyeufunga, na bado "himself" haitakiwi. Katika Kiingereza cha kale "him" ilifanya kazi zote mbili, ya kumtaja mwingine na ya kumrudia mtenda mwenyewe, huku "self" ikiongezwa kwa msisitizo. Mimi husoma "behind him" kama kona ambayo desturi hiyo ya zamani haijafagiwa. Hasara yake ni kwamba huyo "him" anaweza pia kuwa mtu mwingine kabisa, na msomaji aamue mwenyewe. Kwa hilo hatuna la kuwacheka, maana "nyuma yake" yetu ina utata uleule.

Basi nikairekebisha sentensi ya nyumba, nikatuma tena. Ukurasa uliofuata mama anafika kuiona nyumba yake, anatua mkoba kando yake. Kwa kuwa sasa nilikuwa mjuzi, nilijiambia kiima ni mama, mkoba uko kando ya mama, nikaandika "the woman, who put the bag beside herself". Kumbe "beside herself" husemwa juu ya mtu aliyepagawa kwa hasira au furaha.

Safari hii alama za kuuliza zilikuwa mbili.