Mitini saba, mashimo matatu: kumbukumbu ya bustani yangu Houston

Februari 2021

Mtini wangu wa kwanza niliununua kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye lebo. Aina ya Brown Turkey. Ulizaa mwaka wa pili, tini zikawa tamu kiasi, nami nikaanza kujiita mkulima. Kisha ikaja ile wiki ya baridi. Tarehe 16 kipimo cha uwanja wa ndege hapa Houston kilisoma nyuzi 13 za Farenhaiti, yaani zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwa sentigredi. Umeme ulikatika. Sisi tulilala na makoti, mtini ukalala uchi.

Machi nilikwangua gome kwa ukucha nikitafuta ukijani. Kahawia tupu kutoka kileleni hadi chini. Nilishachukua sululu niung'oe, bibi jirani akanizuia kutoka upande wa pili wa uzio: subiri Aprili. Kweli, Aprili ukachipua kutoka mizizini. Mtini uliooteshwa kwa kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichochomekwa udongoni, una faida hiyo: sehemu ya juu ikifa, kinachorudi ni aina ile ile. Ungekuwa umebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, ningekuwa namwagilia mgeni.

Januari 2022

Wakati ule mti unajikusanya, nilipata nafasi ya kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kutoa pesa: ni tini gani iliyo tamu kweli? Nimeuliza kila anayeotesha, na kila mtu ana jibu lake, tena analitoa kwa kiapo.

Nilimpigia mama huko Pangani nikamweleza mpango wangu wa kuotesha aina kadhaa nizionje moja moja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hiyo tini si ndiyo mkuyu uliosomeshwa?" Nimecheka, lakini hakukosea. Mtini, mkuyu, mfenesi na mforosadi ni ukoo mmoja. Ukikata jani utaona utomvu mweupe ule ule. (Utomvu huo usiuchezee. Nilipogoa mchana wa jua kali nikiwa na mikono mitupu, kesho yake kifundo cha mkono kilikuwa na malengelenge kama nimemwagiwa maji moto. Glavu, na jioni.)

Nimekusanya vipandikizi vya unene wa kidole, urefu wa kalamu. Nimevitia kwenye vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vyenye makumbi ya nazi yaliyosagwa na unyevu mdogo tu. Mwagilia sana vinaoza. Hilo nimelijua baada ya kupoteza vinne. Mizizi ikionekana pembeni ya kikombe, nahamishia kwenye ndoo ya galoni 5.

Nilizo nazo: Brown Turkey yangu iliyofufuka. Celeste, kutoka kwa bibi jirani, ambaye ni mzaliwa wa Louisiana na kila mwaka hupika jamu. LSU Purple, iliyotolewa na chuo kikuu cha jimbo hilo la Louisiana mwaka 1991. Alma, ya huku huku Texas, 1974. Violette de Bordeaux, kwa sababu ya sifa zake. Magnolia, kwa sababu ya historia: mwanzoni mwa karne iliyopita pwani hii ilikuwa na mashamba makubwa ya Magnolia na viwanda vya kuisindika, na mji wa Friendswood, kusini mwa hapa, ulijulikana kwa tini. Ya saba niliinunua kwa mbali, kwa muuzaji aliyeiita "ya Kituruki, tamu kuliko zote."

Julai 2023

Matunda ya kwanza ya maana, na kiangazi hiki ni cha kukaanga mayai barabarani. Mvua hakuna. Namwagilia ndoo kila siku alfajiri.

Kwanza niungame kosa. Wiki ya kwanza nilikuwa nachuma tini zikibadilika rangi tu, kwa kuogopa kindi na ndege. Zote zikawa na ladha ya boga bichi na nikaanza kuona nimepoteza miaka. Tini haiivi ikishachumwa. Si embe hii, useme utaifukia kwenye mchele. Lazima uiache mpaka shingo ilegee, tunda liiname lenyewe, ngozi ianze kupasuka mistari. Sasa kila tunda nalivalisha kifuko cha shashi. Jirani wa mbele ameniuliza kama kuna harusi.

Tunaonja watu wanne: mimi, mama watoto, na watoto wawili ambao hawana adabu ya kusifu. Violette de Bordeaux imetuacha kimya. Tunda dogo, jeusi, ndani jekundu, na ule uchachu mdogo unaoushika utamu usichoshe, kama forosadi iliyopikwa na sukari. Alma haina sura, ngozi yake kama imepigwa vumbi, lakini ndani ni asali. Celeste ni tamu, tamu tu, basi. Mwanangu mkubwa ameipa saba na kuomba Violette nyingine. Brown Turkey inalika. Magnolia ni kubwa, inajaza kiganja. LSU Purple ni maji, ingawa waioteshao wote wanasema mti mchanga wa aina hiyo usiuhukumu, ladha huja na umri.

Ile ya Kituruki ilitoa vitunda vingi vya ukubwa wa gololi, vikanyauka, vikaanguka vyote. Nikadhani ni kiu. Kumbe! Tini ni mfuko ambao maua yake yamegeukia ndani, na aina za Smyrna, kama hii yangu, hazikomazi tunda bila nyigu mdogo sana kuingia na chavua ya mtini dume kupitia kile kitundu cha mbele. Kalifonia walikuza miti ya Smyrna bila kula tini mpaka walipofanikiwa kuwaleta nyigu hao mwaka 1899. Houston hatunao. Muuzaji hakusema uongo kuhusu utamu. Ila hakusema kwamba utamu wenyewe unahitaji nyigu. Nimeung'oa. Imebaki sita.

Nimeandika kwenye daftari: wa kwanza Violette, wa pili Alma, wa tatu Celeste. Kazi imekwisha.

Julai 2024

Kazi haikuisha.

Tarehe 8 kimbunga Beryl kimepita juu yetu, katikati kabisa ya msimu. Nusu ya tini ziko chini. Umeme siku tano hakuna, na mifuko yangu ya tini zilizogandishwa imegeuka supu. Lakini somo lilikuwa kwenye matunda yaliyobaki mtini, maana mvua haikukoma na Beryl.

Nilipasua Magnolia moja: harufu ya togwa lililochacha, na ndani vidudu vinakunywa. Ya pili hivyo hivyo. Kitundu chake kiko wazi, maji yanaingia, hamira na mbawakawa wadogo wanafuata, tunda linachacha likiwa bado mtini. Sasa naelewa kwa nini wale wa zamani waliichuma kabla haijaiva na kuipeleka kwenye sukari. Brown Turkey zilichacha kama theluthi. Violette, malkia wa mwaka jana, zilikuwa zimepasuka mbavu na ladha imezimuka. Nzuri zilikuwa chache za kuhesabu.

Celeste? Nilichuma bakuli zima, safi. Kitundu chake kimefumba kabisa. Alma nayo huziba kitundu kwa tone zito la utomvu kama lakiri ya barua, na ilistahimili. LSU Purple imenishangaza, imeanza kuwa na ladha kweli.

Miti ile ile, mwagiliaji yule yule, na orodha yangu ya mwaka jana imepinduka. Aliyepewa saba ndiye aliyetulisha. Kwa hiyo nimeongeza safu kwenye daftari: "ladha siku tatu baada ya mvua." Houston, hiyo ndiyo safu yenye uzito.

Bibi jirani nilipompelekea bakuli aliangalia mti wangu na kusema jambo moja tu: Celeste iliyokomaa usiikate kate wakati wa baridi, utakuwa unakata tini za mwakani. Nilikuwa nimeshanoa mkasi.

Januari 2025

Theluji. Houston! Watoto wametengeneza sanamu yenye pua ya bamia. Violette iko gereji. Nyingine nimeziacha nje kwa makusudi, zikiwa na matandazo ya nyasi shinani.

Machi 2025

Alma imekauka hadi chini. Inachipua, lakini mwaka huu tusitarajie chochote kwake. Celeste imeamka mpaka ncha za matawi kana kwamba hakuna kilichotokea. LSU Purple imepoteza matawi madogo tu.

Nafasi ya ardhi kando ya ukuta wa kusini inatosha miti mitatu. Shimo la kwanza ni la Celeste, bila mjadala. La pili LSU Purple. Pamoja na ladha inayokua, inastahimili minyoo fundo, vile vinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, kuliko wengi, na udongo wetu unao. La tatu limezua ugomvi wa nyumbani. Mimi nataka Alma, mama watoto anauliza nitaufunika kwa blanketi la nani. Brown Turkey nimeshampa rafiki, Magnolia ameichukua bibi jirani kwa ajili ya sufuria yake.

Violette haiingii ardhini. Nimeinunulia chungu kikubwa chenye magurudumu: mvua ikija inaingia barazani, baridi ikija inaingia gereji. Gari litalala nje.