Siku dada alipoacha kukunja nguo

Kuna kitu mpaka leo nikikikumbuka nacheka peke yangu, japo wakati kinatokea sikucheka hata kidogo. Nilikuwa nimemaliza stori yangu ya kwanza ndefu, kurasa 43 za daftari, mwandiko wa kuku, na nilikuwa na uhakika kabisa mwisho wake utamliza mtu maana mi mwenyewe ulikuwa umeniliza. Na huo mwisho ndo niliuandika wa kwanza, kabla hata sijajua mhusika anaitwa nani. Kijana anashushwa kisimani kwa kamba akamtoe mtoto aliyetumbukia, kamba inakatika. Basi. Yale mengine yote niliyaandika baadaye ili tu nifike pale, na kusema ukweli nilikuwa nayaandika kama mtu aliyepanga foleni, anachungulia tu mbele lini itasogea.

Nikamfuata dada. Dada yangu si mwandishi, ni msomaji, na hiyo ni tofauti kubwa, mwandishi mwenzio atakwambia "lugha yako tamu sana" huku akili iko kwenye stori yake yeye. Dada akiboreka unamwona. Alikuwa kakaa kitandani na lundo la nguo zimetoka kuanuliwa, anakunja, akasema we soma tu nakusikia.

Nikasoma. Nilipofika kisimani nikapandisha na sauti, kwanza nilikuwa nimeweka alama za mshangao tatu tatu, "Ghafla! Kamba ikakatika!!!" Nikanyamaza, nikainua macho nimwone. Anatafuta soksi ya pili.

"Imekatika," nikamwambia.

"Nimesikia. Kwani hiyo kamba imetoka wapi?"

"Imetoka wapi kivipi?"

"Umesema wakachukua kamba. Kamba gani? Mi sijaiona kamba yoyote tangu umeanza. Na huyo Salimu ndo kafa?"

"Hajafa bado."

"Aa. Haya."

Hiyo "haya" iliniuma jamani. Nikaanza kubisha, nikamwambia ndo inavyotakiwa, msomaji ashtuke, hiyo ndo taharuki. Hilo neno nilikuwa nalo tangu shule, si unajua yale maswali ya fasihi, eleza jinsi mwandishi alivyotumia taharuki, nilikuwa nayajibu vizuri tu. Dada akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, ukinijia kwa nyuma ukanipigia kelele ntashtuka, ndiyo. Alafu ntakuchapa. Lakini hapa hata sijashtuka, maana simjui huyo mtu na siijui hiyo kamba."

Nikanuna siku mbili.

Katikati ya kununa huko nikakutana na ule mfano wa Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu, alioutoa alipohojiwa na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, mwaka 1962. Anasema chukua watu wamekaa mezani wanapiga stori za kawaida, chini ya meza kuna bomu na hakuna anayejua. Likilipuka, watazamaji wamepata mshtuko wa sekunde 15. Ila kama uliwaonyesha bomu likitegwa, wanajua litalipuka saa saba, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo, hapo umewapa dakika 15 za roho juu, na maongezi ya pale mezani ni yaleyale ya kuboa, hujaongeza hata neno. Nilisoma nikasema kumbe! Nikakimbilia daftari.

Tatizo nilielewa nusu. Nilichofanya ni kuitapakaza kamba stori nzima. Ukurasa wa kwanza kamba, wa tatu kamba, Salimu anaiangalia anapata ubaridi usioelezeka (hilo neno "usioelezeka" nilikuwa nalipenda sana enzi hizo), mawingu meusi yanatanda, bundi analia. Jumapili nikarudi kwa dada, tena nimemkuta na nguo, sijui kwanini kila nikija anakunja nguo. Nimefika ukurasa wa tano tu akanikatisha.

"Hiyo kamba itakatika."

"Umejuaje?"

"Umeitaja mara saba, na kila ukiitaja bundi analia. Hao bundi wako wangapi?"

Alicheka mpaka akaangukia kwenye lundo la nguo. Mi nimesimama na daftari langu. Alipomaliza akajifuta macho akaniuliza, bila utani safari hii, "Kwani hiyo kamba siku zote pale kwao ilikuwa inafanya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Kwenye stori yangu kamba ilikuwa inakaa tu inasubiri kukatika, haina shughuli nyingine duniani. Nikawa naangalia yale mashati, yana alama za vibanio mabegani, na hapo ndo ikanijia.

Usiku ule niliandika hadi mkono ukakakamaa. Kamba ikawa ya kuanikia nguo uani. Mapema kabisa kwenye stori nikaweka ugomvi, Salimu anamwambia mama yake anataka kuondoka aende akatafute maisha, mama anaanika nguo mbichi hamwangalii usoni, na katikati ya ugomvi kamba inaachia, nguo zinaanguka kwenye matope. Mama anaokota ncha mbili, anapiga fundo, anachana kitambaa cha bluu kutoka kwenye gauni kuukuu anazungushia pale, na muda wote huo anaongea, anamuuliza mwanae kwahiyo na huyu mdogo wako nani atamwangalia. Msomaji pale yuko bize na ugomvi, anataka kujua Salimu atajibu nini, kamba anaiona kwa pembeni tu kama tunavyoona vitu vya nyumbani. Kile kitambaa nilikitaja mara moja nyingine tu, yule mdogo mtu anakivutavuta akichezea anafokewa aache. Baada ya hapo kurasa kumi sikuitaja kamba kabisa, nilijizuia kama mtu aliyeficha zawadi. Bundi niliwafukuza wote. Mmoja nilimwacha, nilimpenda.

Alafu pale kisimani penyewe, ambapo mwanzo palikuwa nusu ukurasa, pakawa kurasa nne. Anayetumbukia sasa ni yule yule mdogo mtu. Watu wanapiga kelele, mtu anakimbia anarudi na kamba, bado ina vibanio viwili vimeng'ang'ania. Wanaume wanaishusha pima moja, pima mbili, nikaandika viganja vyao, nikaandika sauti ya mtoto inatoka chini. Wanaojua kuhusu lile fundo ni Salimu, ambaye hakuwa na muda wa kuangalia kamba, na mama, ambaye bado yuko njiani anakuja mbio. Na msomaji.

Mara ya tatu dada alikuwa anakunja soksi. Nilisoma kwa sauti ya kawaida, sikupandisha chochote. Kimya, anakunja tu, nikasema leo tena nimefeli. Nikafika kwenye ule mstari, "Kitambaa cha bluu kikapita ukingoni, kikashuka gizani." Sikuweka hata alama ya mshangao.

Mikono yake ikasimama. Soksi moja mkononi, nyingine imebaki pajani.

"Si ndo pale?"

"Pale wapi?" nikajifanya sielewi.

"Pale mama alipofunga! We, si ndo pale pale!"

Sikujibu, nikaendelea kusoma. Kule chini Salimu ameshamfikia mdogo wake, anamtania, anamwambia leo umeoga bila kulazimishwa, mtoto anacheka huku analia. Maongezi ya kijinga tu, kwenye ile stori ya kwanza yangekuwa ya kuruka. Dada akawa anasogea mbele kitandani, "Sasa anachekacheka nini huyo, waambie wamvute! Mbona hawavuti?" Anaongea na watu wa kwenye daftari. Na kamba ilikuwa bado haijakatika, nilikuwa na ukurasa mzima na nusu mbele yangu, na pale inapokatika nilikuwa nimebakiza maneno mawili tu baada ya kufuta mistari mitano niliyokuwa nimeililia mwanzo.

Koo likanikauka, nikafunga daftari nikanyanyuka nikachukue maji.

Soksi ikanipiga kisogoni. "Rudi hapa usome!"