Msimbo 454110 na Sensa ya Uchumi ya Marekani

Nilikuwa nimekwisha kuandika aya nzima kuhusu kufufuka kwa biashara ya vitabu nchini Marekani ndipo nikatambua kwamba nilichokiona ni mabadiliko ya msimbo tu, yaani nambari inayotambulisha aina ya biashara. Nilikuwa nimefungua majedwali mawili ya Sensa ya Uchumi, yaani hesabu ya biashara za nchi hiyo, la mwaka 2017 na la mwaka 2022, nikawa nafuata mstari wa wauza vitabu. Katika la kwanza mstari huo una msimbo 451211, maduka ya vitabu. Katika la pili una msimbo 459210, wauzaji wa vitabu na magazeti. Kwa mtu mwenye haraka hayo ni majina mawili ya kitu kimoja, lakini sivyo ilivyo. Msimbo mpya umewakusanya wenye maduka ya vitabu na wauza magazeti, na pia wale wauzaji wa mtandaoni ambao bidhaa yao kuu ni vitabu na ambao hapo awali walihesabiwa kwingine kabisa.

Huko kwingine palikuwa na msimbo 454110, na historia yake inafaa kusimuliwa. Katika toleo la mwaka 2012 la NAICS, yaani mfumo wa kuainisha shughuli za kiuchumi unaotumiwa kwa pamoja na Marekani, Kanada na Meksiko, uuzaji wa mtandaoni, minada ya mtandaoni na uuzaji kwa njia ya posta vilikuwa na misimbo mitatu tofauti. Toleo la mwaka 2017 liliiunganisha yote mitatu kuwa 454110. Toleo la mwaka 2022 likaufuta msimbo huo na kuwagawa waliokuwa ndani yake kulingana na bidhaa wanazouza, kwa hoja kwamba cha msingi ni kile kinachouzwa, wala si njia kinayopitia hadi kumfikia mnunuzi. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki, kwa sababu wafanyabiashara wengi siku hizi huuza dukani na mtandaoni kwa pamoja, na ilikuwa vigumu kusema mmoja ni wa upande upi. Hata hivyo, mchumi wa biashara anayetaka kujua sekta imekua kwa kiasi gani ndani ya miaka kumi hukuta mkondo wa takwimu zake umekatwa mara mbili.

Sensa hii hufanywa na Ofisi ya Sensa ya Marekani kila baada ya miaka mitano, kwa miaka inayoishia na 2 na 7, na sheria inazilazimu kampuni kujibu. Dodoso huwafikia takriban vituo vya biashara milioni 4, na taarifa za biashara nyingi ndogo huchukuliwa kutoka kumbukumbu za kodi ili wenyewe wasisumbuliwe. Maswali ya kwanza kuhusu viwanda yaliulizwa katika sensa ya watu ya mwaka 1810, na sensa za sekta mbalimbali ziliunganishwa kuwa kazi moja kwa mwaka 1954. Takwimu zake ndizo msingi wa majedwali yanayoonyesha sekta moja inanunua nini kutoka sekta nyingine, na kupitia hayo huingia katika hesabu za Pato la Taifa.

Kuzipata takwimu hizi si tatizo tena. Tangu mfumo wa zamani wa American FactFinder ulipofungwa mwaka 2020, majedwali ya sensa za karibuni yako data.census.gov bila malipo, na anayejua kuandika programu anaweza kuyavuta moja kwa moja. Kinachonisumbua ni kwamba nambari ikishapakuliwa huachana na maelezo yake. Inapofika kwenye lahajedwali la mchambuzi haina tena tanbihi wala toleo la uainishaji, na hakuna kinachoonyesha kwamba mauzo yametajwa kwa dola za mwaka ule bila kuondoa athari ya mfumuko wa bei, au kwamba waajiriwa ni wale waliokuwa kwenye orodha ya mishahara katika kipindi kinachojumuisha tarehe 12 Machi.

Alama inayoumia zaidi katika safari hiyo ni herufi D. Katika jedwali la kaunti, D husimama mahali pa nambari iliyofichwa ili taarifa za kampuni moja zisijulikane. Tuseme kaunti ina viwanda viwili tu vya aina moja: jumla ya mauzo ikichapishwa, mwenye kiwanda kimoja atatoa mauzo yake mwenyewe na kubaki na ya mshindani wake. Kwa hiyo jumla hufichwa, na mara nyingi hulazimu kuficha pia nambari ya kaunti nyingine isiyo na tatizo lolote, ili ile ya kwanza isipatikane kwa kuondoa nambari za kaunti nyingine kutoka jumla ya jimbo. Ulinzi huu unatokana na Sehemu ya 13 (Title 13) ya mkusanyiko wa sheria za shirikisho, nami ninauunga mkono kwa moyo wote, maana bila uaminifu huo hakuna kampuni ambayo ingejibu kwa ukweli. Lakini nimewahi kupokea ripoti ya ushauri ambamo kila D ilikuwa imegeuzwa kuwa sifuri. Ramani yake ilizionyesha kaunti zenye kiwanda kikubwa kuliko vyote kuwa tupu, na mapendekezo ya mahali pa kuwekeza yalijengwa juu ya ramani hiyo.

Kuhusu ucheleweshaji, ambao wenzangu huulalamikia mno, mimi sina lawama kubwa. Matokeo ya awali ya sensa ya mwaka 2022 yalitoka Januari 2024, na ya kina yakafuata kwa awamu. Anayetaka mwendo wa uchumi wa sasa ana tafiti za mwezi na za mwaka; sensa huulizwa habari za umbo la uchumi, na umbo halibadiliki kwa robo mwaka.

Ombi langu kwa ofisi hiyo ni dogo kuliko ramani za kupendeza. Toleo la NAICS lilipochukua nafasi ya uainishaji wa zamani katika sensa ya mwaka 1997, ofisi ilichapisha majedwali ya daraja yaliyoonyesha kila msimbo wa zamani umegawanyika kwenda wapi, na kwa kiasi gani cha mauzo. Majedwali ya aina hiyo yameendelea kutolewa, lakini hukaa peke yake, na anayeyafikia ni yule anayejua tayari kwamba yapo. Ningependa daraja lije ndani ya faili ileile inayopakuliwa, kando ya msimbo wenyewe, na D ibaki D hata faili ikifunguliwa katika programu gani.

Ile aya ya vitabu niliifuta. Lahajedwali langu sasa lina safu tatu kando ya kila nambari, yaani mwaka wa sensa, toleo la uainishaji na alama ya kufichwa, nami nimekwisha kuacha nafasi kwa ajili ya sensa ya mwaka 2027.