Oti za kuokwa kwa wanaoamka kabla ya jua

Mwaka wangu wa kwanza ughaibuni nilikuwa natoka nyumbani na tumbo tupu. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kunifikisha lilipita saa kumi na moja na dakika kumi, nje bado giza totoro na baridi inauma masikio. Saa hiyo hakuna mwenye hamu ya kusimama jikoni akikoroga uji. Nilikuwa nanunua biskuti kwenye mashine ya kazini, na ikifika saa tatu mikono inatetemeka. Siku moja mwenzangu wa zamu akanipa kipande cha oti za kuokwa (oti ni nafaka, kwa Kiingereza oats), kimepoa, kimefungwa kwenye karatasi. Nilikimaliza kabla ya kuvaa glavu, nikafika saa sita mchana njaa haijanigusa. Jioni ile ile nilienda kutafuta oti.

Hapo ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu pakiti zinafanana. Unazotaka ni zile bapa nene: punje nzima zilizopigwa mvuke kisha zikabanwa kwa rola. Zile za papo kwa papo, zilizokatwa ndogo na kubanwa nyembamba, zitakupa rojo linalonata kwenye meno. Na zile zilizokatwakatwa bila kubanwa zinataka kulowekwa kwanza. Ukizitia kavu, dakika 40 za oveni zitazitoa bado zina kokoto. Mimi trei yangu ya kwanza ilikuwa ya papo kwa papo, na nusu yake ilibaki.

Ponda ndizi mbili zilizoiva mpaka ganda limeanza madoadoa meusi. Utamu mwingi wa trei yangu unatoka hapo, sukari siongezi. Piga mayai mawili ndani yake, mimina maziwa mililita 450, kijiko kidogo cha vanila na vijiko vikubwa viwili vya mafuta au siagi iliyoyeyushwa. Kando changanya oti gramu 200, kijiko kidogo cha bekingi pauda, kijiko kidogo na nusu cha mdalasini na chumvi nusu kijiko kidogo. Chumvi usiiruke: bila hiyo ladha inalala. Unganisha vyote, tia konzi ya lozi au karanga zilizokatwa na zabibu kavu, mimina kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20 iliyopakwa siagi.

Mchanganyiko utaonekana kama supu. Uache hivyo hivyo! Mkono utakuwasha kuongeza oti, nami niliwahi kuongeza, ikatoka kavu kama ubao. Oti zinafyonza maziwa polepole ndani ya joto, na mayai ndiyo yanayoshikilia vipande visibomoke.

Oveni nyuzi 180 za Selsiasi. Kama umehamia penye oveni za Farenihaiti, zungusha hadi 350; kama ina feni, shusha hadi 160. Dakika 35 mpaka 40, hadi juu pawe rangi ya kahawia na katikati pasitikisike ukigusa trei. Kisha subiri dakika 10 kabla ya kukata. Ukikata moto moto vinasambaratika, ingawa harufu ya mdalasini ikishajaa nyumba, dakika hizo 10 ni ndefu kweli.

Kushiba kule hakukuwa bahati. Oti zina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, ambazo zikikutana na maji tumboni hugeuka ute mzito, na chakula kikapita taratibu. Nyuzinyuzi hizo pia husaidia kushusha lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu watengenezaji waandike kwenye pakiti kwamba nyuzinyuzi hizo zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kiwango cha gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Kipande kimoja cha trei hii hakifikishi gramu hizo, ila ni mwanzo mzuri kuliko biskuti. Na ukimpikia mtu asiyeruhusiwa gluteni (protini iliyomo kwenye ngano), tafuta pakiti iliyoandikwa wazi kuwa haina, maana oti za kawaida mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Mimi naoka Jumapili jioni, nakata vipande sita. Vinne naweka kwenye friji, viwili vinaingia friza, kila kimoja kwenye mfuko wake. Usiku wa kuamkia siku ya tano nakihamishia cha friza kwenye friji, asubuhi kimeyeyuka, sekunde 40 za maikrowevu kinatosha. Wiki za zamu ya usiku mpango unageuka: ninakila saa mbili asubuhi nikirudi, na maziwa ya moto, mapazia yamefungwa, kisha nalala.