Kumbukumbu ya kibaraza: viti, mpaka hapa nilipofikia

Haya jamani, kibaraza kinaendelea. Wiki mbili za mwanzo sikununua kitu, nilikaa tu. Yani nilitandika mkeka nikakaa na chai yangu asubuhi, mchana na jioni naangalia jua linaingia wapi na upepo unatokea upande gani, maana mara ya kwanza nilikimbilia dukani nikaja kulia baadae.

Kwa ambao hamkuona mwanzo, nyumba ipo Tanga mjini, bahari iko karibu, kukiwa na upepo mkali ukilamba midomo unaonja chumvi. Kibaraza ni mita tano kwa mbili na nusu, kinatazama magharibi, na kwenye kona ya kaskazini kuna muembe.

Mwaka jana nilinunua seti ya viti vinne na meza, vya chuma, rangi nyeusi, dukani vinang'aa mpaka unajiona. Masika hayajaisha rangi ikaanza kuvimba kama lengelenge pale kwenye maungio ya kuchomelea, ukibonyeza inapasuka na chini ni unga wa kutu, na vigae vikabaki na alama za miguu ambazo nimesugua kwa ndimu na chumvi wee hazijatoka zote. Nilivyompelekea fundi wa kuchomelea akakata mguu mmoja, ndani ya bomba kulikuwa na maji. Rangi ilipakwa nje tu, ndani chuma kitupu, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Niliumia kwakweli, hela ile niliikusanya muda mrefu.

Basi nikafikiria baraza ya saruji ya kukalia kama zile za nyumba za zamani za pwani, haiozi, haiibiwi, majirani wakija wanakaa. Naipenda sana ile kitu. Lakini saa kumi na mbili jioni nikaweka kiganja ukutani, bado wa moto, umekula jua tangu saa nane. Saruji ingekuwa hivo hivo, na jioni ndo saa tunayokaa nje. Baraza inataka upande wenye kivuli, wangu sio. Nikaiacha kwa masikitiko.

Ikabaki mbao. Paina ni rahisi lakini bila dawa mchwa na unyevu vinaimaliza. Mninga mzuri mno ila bei yake naiacha kwa kabati la ndani. Nikaangukia mtiki, na sisi wa Tanga tuna bahati maana shamba la Longuza lipo hapo Muheza tu. Nilidhani mtiki ni mtiki, kumbe! Fundi seremala akanigeuzia ubao akanionyesha, "Dada, huu weupe wa pembeni usiuchukue, mchwa wanaula kama mti mwingine tu, chukua huu wa katikati wenye rangi ya asali." Miti michanga ina weupe mwingi, ndo maana mtu ananunua benchi la mtiki linaoza halafu anasema mtiki hamna kitu. Tukachagua ubao mmoja mmoja, nusu siku nzima, na nilifurahia kila dakika.

Halafu urefu. Nilikuwa na picha kichwani za yale makochi ya mapaleti ya chini chini, nikapanga mapaleti mawili nijaribu, siku hiyo bibi yangu kafika kutoka Pangani. Nikamwambia shikamoo bibi, karibu ukae. Akakaa, akatulia kidogo akasema, "Marahaba mjukuu wangu, kukaa nimekaa, kuinuka mtaniinua nyie." Hapo hapo nikachukua futi nikampima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, sentimita 43, na huo ndo urefu wa benchi. Mikono ya benchi nimeomba ifike mpaka mbele kabisa, ili mtu mzima akitaka kusimama ashike, ajisukume. Wageni wangu wengi ni wa umri huo, siwezi kuweka kiti cha kuwatesa.

Skrubu ni za stenlesi, nilienda dukani na sumaku mfukoni, zilizonata nikaziacha palepale. Kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya kidole ili maji yapite, na chini ya kila mguu tumeweka kipande cha mpira, maana mbao inanyonya maji kwenye ncha zake kuliko sehemu nyingine yoyote. Vanishi nimekataa, nje inabanduka na kuikwangua upya ni kazi ya siku mbili, nimepaka mafuta tu na yakiisha napaka tena. Nikiacha kupaka mtiki utageuka kijivu, na kijivu chenyewe sio ugonjwa.

Benchi limeingia jumamosi, nimeliweka kona ya muembe. Bado mito, sponji ikilowa inanuka siku tatu kwahiyo nadhani nitatumia vitu vyembamba vya kuingiza ndani usiku, mwenye uzoefu wa kitambaa kinachohimili jua aniambie. Meza bado sijaigusa kabisa.

Jana usiku mvua imepiga kweli, imeletwa na upepo wa kusi mpaka mlangoni. Alfajiri nimetoka na tochi nikapapasa chini ya mbao, maji yote yameshashuka, bibi akaja na kikombe chake akafuta na kanga akakaa.