Usiku tulipoiwekea seva APC

Juzi kijana ninayefanya naye kazi aliniona nikikagua opcache.enable kwenye seva mpya kabla ya kugusa kitu kingine. Ndiyo swichi ya OPcache, kache inayotunza programu za PHP (lugha ya kuandikia tovuti) zikiwa tayari kuendeshwa. "Kaka, si inakuja na PHP yenyewe?" Ni kweli, tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013. Nilimjibu kwa mkato, lakini mawazo yalishakwenda kwenye ile seva yetu ya zamani ya PHP 5.2, ambayo haikuja na kache hiyo.

Hali yake ilikuwa mbaya. Jioni watu wakijaa, hata kuandika amri ilikuwa kusubiri herufi zitokee. Picha nilishazipunguza, MySQL, yaani hifadhidata, nilishaipapasa, na mkuu wetu alishaanza kuzungumzia kununua mashine nyingine. Usiku mmoja nikaamua kujaribu APC, kiendelezi cha PHP kilichofanya kazi hiyohiyo ya kache kabla ya OPcache. Phpize, zana ya kuandaa viendelezi vya PHP, ilikosekana, nikaweka php-devel na gcc, nikaandika pecl install apc, nikaongeza extension=apc.so kwenye php.ini, nikaipa megabaiti 64 za kumbukumbu.

Kisha nikaiwasha upya Apache, programu inayowapa wageni kurasa.

Dirisha moja lilikuwa na top, inayoonyesha mzigo wa seva, jingine apc.php, ukurasa wa takwimu za APC: kijani ni faili lililokutwa kwenye kache, nyekundu ni lililokosekana. Mwanzoni nyekundu ilitawala, kwa kuwa kila faili lilikuwa likiombwa kwa mara ya kwanza na halimo kwenye kache. Nikabonyeza tena. Kijani kidogo. Nikabonyeza tena, kijani kikapanda. Mafaili yaleyale, ambayo PHP ilikuwa ikiyasoma, ikiyakompaili kuwa opkodi (maagizo ambayo PHP huyatekeleza) na kuyatupa kila mgeni alipoondoka, sasa yalikaa kwenye kumbukumbu ya pamoja na michakato yote ya Apache iliyachukua humo yakiwa tayari. Kila sekunde 3 top ilipojichora upya, mzigo ulikuwa umeshuka. Nilifungua ukurasa wa mbele, ukaja papo hapo. Nikaufungua tena, si kwa kupima, bali kwa raha ya kuuona ukija. Sijawahi kuipenda kazi hii kama nilivyoipenda dakika zile.

Mashine nyingine haikununuliwa. Ila lile ombi zito la MySQL, lililovuta jedwali zima kwa kila ukurasa, APC haikuligusa. Si kazi yake. Nilidhani sasa tumepata utulivu wa kulirekebisha. Lakini kurasa zilikuwa nyepesi, hakuna aliyelalamika, na kila nilipolitaja kikaoni lilisogezwa mbele. Labda seva ingeteseka kidogo zaidi, lingeshughulikiwa. Nami nisingependa iteseke hata siku moja zaidi.